Kovu la wiki ya 9 limenenepa na linawasha: je, ni keloidi?

"Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto 3, nina miaka 34, naishi Lamu. Wiki 9 zilizopita nilifanyiwa upasuaji Nairobi wa kuondoa ngozi iliyokuwa imening'inia tumboni baada ya uzazi. Wanaojua ni bwana wangu na dada yangu tu. Mwezi wa kwanza mshono ulikuwa mstari mwembamba, nikashukuru. Sasa umekuwa mweusi tii, umeinuka kama kamba hapo katikati, na usiku unawasha hadi naamka. Upande wa kulia kilitokea kijipu, kikapasuka, ndani nikaona kitu kama ncha ya mshipi wa kuvulia samaki. Sikio langu la kushoto nalo lina uvimbe mgumu tangu nilipotobolewa utotoni. Dada yangu ananipaka liwa iliyokorogwa kwa limau. Shoga yangu wa Mombasa ameniletea krimu ya kung'arisha. Kuna aliyesema nipige hijama juu yake, damu chafu itoke. Kwenye simu naona wenzangu wa wiki 8 wana mstari mweupe mwembamba. Nimeharibiwa? Nirudi nikakatwe upya, au nichomwe leza? Karibuni kuna harusi ya mdogo wangu na sisi wanawake wa nyumbani tutasingwa pamoja na bibi harusi."

Wa aleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja. La kwanza ni kama kovu la wiki 9 likiwa jeusi, nene na lenye kuwasha ni balaa au ndiyo hali yake. La pili ni lile sikio, ulilolitaja kama la kupitia tu. Kwangu mimi la sikio ndilo zito, nami nitalirudia.

Kwa uliyoyaeleza, hujaharibiwa. Kovu lina umri wake wa ukaidi, na wewe ndiyo kwanza unauingia. Kwa watu wengi mshono hupendeza wiki za mwanzo, kisha kuanzia wiki ya 6 hivi hadi mwezi wa 4 hunenepa, hukolea rangi na hukakamaa, ndipo baadaye uanze kulainika polepole. Kazi yote hiyo huchukua mwaka 1, mara nyingine mwaka 1 na nusu. Anayelihukumu kovu kwa sura ya wiki ya 9 amewahi mno.

Nikueleze kinachofanyika chini yake. Wewe ni mtu wa Lamu, mkeka unaujua: miaa husukwa ukili, ukili ukashonwa, na kila uzi umepita juu na chini ya mwenzake. Ngozi nzima nayo imesukwa namna hiyo, na miaa yake ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Daktari anapopasua, mwili haungojei fundi wa kusuka. Unaleta wafanyakazi wa dharura wanaorundika kolajeni kwa haraka, wameilaza upande mmoja kama miaa iliyotupwa chini kabla ya kusukwa, na kwa kawaida wanaleta nyingi kuliko inayohitajika. Rundo hilo ndilo kamba unayoipapasa. Mishipa midogo ya damu pia huota kwa wingi kulisha kazi hiyo. Baadaye mwili unarudi kupunguza na kupanga upya, lakini mkeka wa asili haurudi ulivyokuwa. Mshono wa wiki 3 una nguvu kama robo tu ya ngozi nzima. Kufikia miezi 3 unakaribia asilimia 80, na hapo ndipo ukomo wake, hata ukikaa miaka 20.

Kwa hiyo anayekuahidi kuwa kovu "litafutika" anakuuzia upepo. Linaweza kuwa bapa, laini na la rangi inayokaribiana na ngozi yako, hata mtu asilione mpaka aelekezwe. Hilo tunalipata mara nyingi.

Wale wenzako wa kwenye simu, tazama kwanza ngozi zao. Wengi wanaopiga picha hizo ni weupe, na kovu changa kwao ni jekundu, kisha likawa jeupe. Kwetu wekundu ule ule huonekana zambarau, kahawia nzito au weusi, kwa sababu melanini, rangi ya asili ya ngozi, imetangulia mbele yake. Isitoshe, ngozi yetu ikichokozwa kidogo tu, iwe kwa kidonda, kipele au kukwaruzwa, humwaga rangi zaidi mahali hapo. Weusi huo si dalili kwamba daktari alishona vibaya. Hupungua wenyewe kwa miezi, mara nyingine unapita mwaka. Mimi nina kovu la tumbawe kwenye kifundo cha mguu tangu utotoni; lilikaa jeusi kama lami muda mrefu, na leo hulioni.

Na ile ncha ya mshipi? Ulikuwa uzi. Madaktari hushona tumbo kwa tabaka, na nyuzi za ndani ni za kuyeyuka zenyewe; nyingine huchukua miezi 2, nyingine hadi 6. Mara moja moja mwili huchoka kuungoja uzi na kuusukuma nje, ndipo kinatokea kijipu kidogo chenye usaha kiasi cha tone. Hilo ni jambo la kawaida. Usiuvute kwa kibano cha nyusi, maana unaweza kufungua tundu kubwa kuliko lililokuwepo. Osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, funika kwa kitambaa safi, na ukiuona bado umechomoza, muuguzi ataukata kwa mkasi safi ndani ya dakika moja.

Kuwasha nako kuna asili yake. Mishipa ya fahamu iliyokatwa inaota upya, na chembe zilizojaa ndani ya kovu changa zinatoa histamini, ile ile inayokuwasha ukiumwa na mbu. Ukavu unaongeza. Usiku mtu ametulia, hana cha kumshughulisha, anausikia zaidi. Paka vaselini isiyo na harufu unapolala, weka kitambaa chenye baridi, na ukishindwa muulize mfamasia dawa ya mzio ya kumeza usiku. Mwambie kama unanyonyesha. Usijikune kwa kucha.

Sasa tuje kwenye sikio.

Kuna makovu ya aina mbili yanayoinuka, na watu huyaita yote keloidi. La kwanza ni kovu nene tu. Limeinuka, linawasha, lakini halijavuka mpaka wa mkato wenyewe. Huanza wiki chache baada ya upasuaji, na mengi hushuka yenyewe kwa mwaka, hasa yakisaidiwa. La pili ndilo keloidi ya kweli. Hii haina adabu ya mipaka: inatambaa kwenye ngozi nzima ambayo kisu hakikuigusa, inaweza kuanza miezi kadhaa baadaye wakati mtu ameshasahau, na haishuki yenyewe. Jina lake lilitolewa na daktari wa Kifaransa, Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, kwa vile linavyonyoosha vidole pembeni. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuchorewa.

Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na mara nyingi huenda kwa ukoo. Huchagua mahali: ndewe za masikio, kifua katikati, mabega, mgongo wa juu, taya. Tumbo la chini si kiti chake akipendacho, na hiyo ni habari njema kwako. Lakini uvimbe mgumu uliobaki tangu kutobolewa utotoni ni ushahidi kwamba mwili wako huenda unajua kutengeneza keloidi. Sijaliona sikio hilo, huenda ni kifuko cha mafuta tu. Ila ikiwa ni keloidi, ile nasaha ya "ngoja mwaka uone" haikufai. Kovu lako lataka kuonwa ndani ya wiki chache hizi, wakati dawa zinafanya kazi vizuri zaidi. Nami natumai ulimwonyesha daktari sikio hilo kabla ya kupasuliwa. Kama hukumwonyesha, mwambie sasa.

Wakati unangoja, fanya jambo moja ninalowafundisha wagonjwa wangu hapa Malindi. Chukua nailoni angavu ya kujaladia madaftari ya watoto. Ilaze juu ya kovu, na kwa kalamu ya wino usiofutika fuata ukingo wa sehemu iliyoinuka, kisha weka alama kwenye kitovu na kwenye doa lolote la kuzaliwa ili ujue pa kuilaza tena. Andika tarehe. Baada ya wiki 2 ilaze pale pale. Ikiwa kamba imeinuka lakini haijauvuka mstari, pumua. Ikiwa imeuvuka, hata kwa upana wa punje ya mchele, usingoje miadi ya mbali. Picha ya simu pia inasaidia, kama itapigwa saa ile ile na dirisha lile lile. Mwanga wa Lamu wa saa 4 asubuhi na wa jioni humfanya mtu aone makovu mawili tofauti.

Yale ya kupaka. Liwa peke yake sina ugomvi nayo kwenye ngozi nzima, ni uzuri wetu tangu bibi zetu. Juu ya kovu changa ikikauka inavuta na kukausha, na ukiisugua kuitoa unachokoza kile kile unachotaka kitulie. Limau ndilo baya. Asidi yake inachoma, na ngozi yenye maji ya limau ikipigwa na jua inaweza kutoka malengelenge, kisha madoa meusi ya miezi. Acha leo.

Krimu ya kung'arisha itupe, au mrudishie shoga yako kwa maneno mazuri. Nyingi zinazouzwa bila maelezo huwa na zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho). KEBS, shirika la viwango la Kenya, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na sababu ipo: zebaki inaingia mwilini na kuumiza figo, haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa buluu usiotoka, na steroidi inaikondesha ngozi iliyo kando ya kovu.

Hijama juu ya mshono, hapana kabisa. Sitaki kubishana na hijama kwa mambo mengine, lakini kila chale ya wembe juu ya ngozi yenye mwelekeo wa keloidi ni mbegu mpya. Nimeona mgongo wa mwanamke ambako kila alama ya wembe iliota donge lake. Na hakuna damu chafu hapo, ni kolajeni. Vidonge vya vitamini E vya kutoboa na kupaka navyo viache: mwaka 1999 vilijaribiwa kwenye makovu ya upasuaji, havikuonyesha faida, na theluthi hivi ya waliopaka ngozi iliwatoka vipele. Mafuta ya nazi? Tumia kulainisha vidole ukikanda. Muujiza hayana, madhara hayana.

Kinachosaidia kweli si cha kupendeza kukisimulia. Adui mkubwa wa kovu ni kuvutwa. Mwaka 1861 mtaalamu wa maumbile wa Austria, Karl Langer, alichora mistari ya jinsi ngozi inavyovutika mwilini, na mpaka leo mkato ukiufuata mstari wake hupona vizuri kuliko ukiukata. Mkato wako unaufuata, shukuru. Lakini upasuaji huu unaondoa ngozi na kuivuta iliyobaki ishuke, kwa hiyo mshono wako unavutwa juu na chini kutwa kucha, na zaidi hapo katikati ulipoona kamba. Ndiyo maana nguo ya kubana ina maana yake. Ivae kwa muda aliokupangia daktari wako. Na kabla hajakuruhusu mwenyewe, usinyanyue ndoo, wala mtoto wa miaka 3 kutoka sakafuni, wala sufuria ya pilau siku ya harusi. Kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi kunakunja tumbo juu ya kovu na kulisugua, mwachie mwingine.

Plasta ya karatasi, ile ya hospitali ya rangi ya ngozi au nyeupe, ni rahisi na inapunguza mvuto huo. Ibandike kwa urefu juu ya mshono uliofunga, iache siku 3 hadi 5 hata ukioga, kisha ilowanishe kwa maji ndipo uibandue taratibu. Kama una uwezo, bandiko la silikoni ni bora zaidi. Ndilo lenye rekodi ndefu kuliko vyote vya kupaka au kubandika. Halina dawa ndani. Linazuia kovu lisipoteze maji, na kovu lenye unyevu hupunguza kasi ya kurundika kolajeni. Sharti lake ni subira: saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Kwa joto letu utapata vipele vya jasho ukianza kwa pupa, basi anza na saa 4, ongeza kila siku, lioshe kila jioni na ngozi iwe kavu kabla ya kulirudisha. Ukishindwa na bandiko, ipo ya kupaka: tabaka jembamba mara 2 kwa siku, uache likauke. Pale kijipu kilipopasuka usiweke chochote kati ya hivi mpaka tundu lifunge.

Kukanda kuna ushahidi hafifu kuliko silikoni, lakini kunalainisha na kunapunguza kuwasha. Dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa siku. Bonyeza kwa ncha za vidole mpaka ukucha wako ubadilike rangi, hapo ndipo nguvu inatosha, kisha zungusha, sogeza juu na chini, kushoto na kulia, ngozi isogee pamoja na kidole badala ya kidole kuteleza juu yake. Likivimba au kuuma zaidi kesho yake, umezidisha.

Krimu ya kukinga jua, yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 na zaidi, ninamhimiza kila mwenye kovu la uso au mkono. Wewe kovu lako liko chini ya dera na buibui. Pesa hiyo nunulia silikoni. Kuoga baharini kungoje mpaka hakuna hata tundu la sindano lililo wazi, na ukija huku Malindi wakati Mto Sabaki umefurika na bahari imekuwa ya kahawia, ngoja zaidi.

Ukishaonwa, daktari akikuta kovu linazidi, silaha ya kwanza ni sindano ya steroidi, triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe kila wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Inauma, sikufichi. Inaweza kuacha doa jeupe au kuifanya ngozi ibonyee, na kwa baadhi ya wanawake huvuruga siku za hedhi kwa muda. Mwenye kisukari, mwenye mimba na anayenyonyesha aseme kabla. Pamoja na hayo, kwa kovu linalopanda, naiona bora kuliko kungoja.

Leza isiwe ya kwanza. Mashine nyingine hufuata rangi, na kwenye ngozi yetu zinaweza kuchoma melanini na kuacha mabaka. Zipo zinazofaa, mkononi mwa mtu aliyezoea ngozi nyeusi na anayejaribu kwanza sehemu ndogo. Muulize hayo bila haya. Kukatwa upya sasa, usikubali. Kovu la wiki 9 halijamaliza kazi, na kama ni keloidi, ikikatwa tu bila tiba nyingine ya kufuatia, hurudi kwa asilimia 45 hadi 100, mara nyingine kubwa kuliko ya mwanzo. Marekebisho ya mshono ulionenepa au vinundu vya ngozi pembeni huzungumzwa baada ya mwaka.

Chakula: kula samaki, maharage, mayai, matunda. Hakuna kitoweo kinacholeta keloidi. Shisha na sigara ndivyo vya kuacha, maana vinabana mishipa ya damu inayolisha kidonda. Wanaosema ni jicho, wasikie, usome dua zako, na silikoni ubandike.

Harusini singwa mikono, miguu na mgongo. Tumbo waambie una mshono, wapite mbali. Hina ya majani haina neno mahali penginepo, lakini piko nyeusi iepuke kabisa. Ina kemikali ya rangi ya nywele inayoweza kutoa malengelenge, na malengelenge kwa mtu kama wewe huenda yakaota.

Usisubiri wiki wala mbili kama utapata homa, usaha unaonuka au unaoendelea kutoka, joto na uvimbe unaotambaa kutoka kwenye mshono, mshono kufunguka, au tumbo kuchezacheza kama mfuko wa maji ukilibonyeza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Kama hayo hayapo, mpigie kwanza aliyekupasua, umtumie picha. Ukiona safari ya Nairobi ni ndefu, hospitali ya Lamu inaweza kukupa barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile; hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani iko Mombasa. Ukienda kwa daktari wa binafsi, tafuta jina lake kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kulipa. Siri yako inalindwa kisheria, na una haki ya kuomba muuguzi wa kike awemo chumbani. Majirani wakiona mshono wakadhani ni wa uzazi, hilo ni lao, lakini daktari mwambie ukweli wote, pamoja na kila ulichopaka.

Chukua karatasi za upasuaji, picha ukizipanga kwa tarehe, ile nailoni uliyoichora na hata kopo la krimu ya shoga yako. Kwenye basi kutoka Mokowe weka mtandio uliokunjwa kati ya mkanda wa kiti na tumbo. Na ukiingia chumbani, kabla ya kulifunua tumbo, muonyeshe sikio kwanza.